Vitambaa Viwili kwa Kigingi Kimoja

Hapana, Kalekye, usiandike hivyo. Si ofisi ya mji ilikosea. Aliyekosea ni mimi, mimi Nthiwa, na sahihi ni ya mkono huu. Ofisi walileta karatasi tu. Aliyesema njia ipite wapi ni mimi. Ukirudi kwenu Mbumbuni na hao wenzako, anza na hapo. Waambie kuna mzee huko Emali alipanga njia ya kutembea bila kuuliza wale wanaotembea.

Nitakuambia pole pole. Shule yangu iliisha darasa la tatu, na maneno yangu huwa yanazunguka kama mbuzi kwa kamba. Wewe andika tu.

Sisi tunakaa huku chini ya reli. Asubuhi utasikia lori zikipiga honi huko juu barabara ya Mombasa, halafu kinu cha posho kinaanza kulia. Bibi yangu Kalunde anaamka mbele yangu. Anawasha moto, anafagia, anachota maji kwa tangi. Mimi nafungulia mbuzi, nakunywa chai, naenda kucheza drafti na wazee pale kando ya kinu. Hiyo ndiyo kazi yangu siku hizi, usicheke.

Sasa miaka mitatu iliyopita Kalunde alipatikana na sukari. Tulijua kwa njia mbaya. Alikanyaga msumari asubuhi na hakusikia kitu. Aliona damu jioni akivua kiatu. Kidonda kilikaa miezi miwili. Kilipopona, daktari wa kliniki alituketisha sisi wawili. Alisema sukari ikikaa juu inaharibu miguu, mtu hasikii maumivu. Alisema dawa ni nusu tu. Nusu ingine ni chakula, na kutembea nusu saa kila siku na viatu vizuri, na kuangalia nyayo kila jioni. Halafu akasema kitu ambacho Kalunde hakusahau. Kidonda kama kile kikirudi na kikatae kupona, mguu unaweza kukatwa.

Tulitoka hapo tukapitia dukani, tukamnunulia viatu.

Haya, kutembea. Utembee wapi? Hapa Emali ukienda kando ya barabara kubwa, lori inakupulizia vumbi mpaka kwa meno. Ukiingia ndani ya mtaa, bodaboda hawakuoni kama mtu, wanakuona kama kitu ya kupita. Kalunde alijaribu wiki mbili. Siku moja lori ilimkaribia sana, akaruka akaanguka kwa mtaro. Alirudi nyumbani na kiatu kimoja. Akasema yeye hiyo maneno ya kutembea ameacha.

Kwa hivyo tuliposikia ofisi ya mji inataka kutengeneza njia ya miguu tu, kutoka shule mpaka kliniki, hakuna gari, hakuna pikipiki, mimi nilifurahi kuliko mtu yeyote. Nikasema Mungu amekumbuka miguu ya Kalunde.

Tukaulizwa sisi wazee mkutano uwe siku gani. Tukasema siku ya mnada, saa nne. Unajua ni kwa nini? Siku ya mnada wazee wote tuko mjini na nyama iko. Hatukufikiria kwamba siku hiyo hiyo wamama wote wako sokoni wanauza kuku na pojo, na majirani kama Nadifa, wenye maduka, hawawezi hata kukohoa kwa sababu ya wateja. Tulikuja wanaume kumi na mmoja.

Ofisa alikuwa msichana wa Kisomali, anaitwa Intisar. Alikuwa mgeni kwa kazi. Aliangalia watu, akauliza wamama wako wapi. Nikasimama. Nikamwambia, "Mimi naongea kwa niaba yao." Wazee wakapiga makofi. Yeye akaandika.

Akatandika ramani. Akaniuliza watu hupenda kupita wapi. Nikachukua kalamu, nikapiga mstari kando ya mto, ule mto wetu wa mchanga ambao hauna maji mpaka mvua ije. Mstari ulipita mbele ya kinu, pale pa drafti, ukapita nyuma ya karakana ya Musyimi, ukafika kliniki. Ulikuwa mfupi na umenyooka. Nikatia sahihi, nikajiona injinia.

Musyimi ni mkwe wetu. Ameoa binti yetu Kasiva. Anachomelea vyuma, milango na madirisha, kijana wa kazi.

Baada ya mwezi mmoja vigingi vikaja, vimepakwa rangi nyeupe. Vikapigwa chini kwa ule mstari wangu. Trekta ikapita mara moja kusafisha. Murramu, ule udongo mwekundu wa barabara, ilikuwa ije baadaye, lakini mtu angeweza kuanza kutembea hata kesho. Nikaenda nyumbani nikamwambia Kalunde njia ni yako.

Hakuenda.

Nilimwuliza, akasema miguu inauma. Siku ingine akasema ni jua. Siku ingine akasema ana nguo za kufua. Mimi nikakasirika. Nilimwambia serikali imekuja mpaka mlangoni na yeye amekaa tu. Alichukua ndoo akaenda kwa tangi. Nilienda kwa drafti nikawaambia wenzangu bibi yangu amekuwa mvivu uzeeni. Hiyo neno, Kalekye, mimi hujuta mpaka leo.

Kwa sababu siku moja nilirudi mapema kutafuta miwani. Nikaona kitu huko nyuma ya nyumba. Kuzunguka tangi la maji kulikuwa na alama kwa mchanga, duara, imeingia chini kama njia ya ng'ombe. Ilikuwa nyayo ya viatu vya Kalunde. Alikuwa anangoja mimi nitoke, halafu anazunguka tangi. Peke yake. Nusu saa, kila siku, kama punda wa kusaga.

Sikumwambia nimeona. Sikujua niseme nini. Mtu si mvivu, njia iko, na anazunguka tangi. Nilishindwa kuelewa.

Na tangi si njia. Anazunguka mara kumi anapata kizunguzungu, anakaa. Siku ya kliniki muuguzi akapima sukari ikawa kumi na saba. Akagusa miguu na kitu kama unywele, Kalunde akasema hasikii. Ile ganzi ilikuwa imetoka vidoleni imepanda mpaka kifundo cha mguu. Muuguzi akamwuliza kama anatembea. Kalunde akasema ndiyo, anatembea. Na hakudanganya.

Sasa yule msichana Intisar alirudi. Alikaa karibu na njia siku mbili na kijitabu, anahesabu tu. Kwa kila watu mia moja waliopita, wamama walikuwa tisa. Akashangaa. Akaanza kuingia nyumba kwa nyumba, na Nadifa wa duka akimwonyesha milango. Nadifa ni jirani yetu na rafiki ya Kalunde. Huyo mama ana mdomo, utamwona.

Walifika kwetu jioni. Intisar akasalimia vizuri, akamwita Kalunde susu, yaani nyanya kwa Kikamba, na mimi akaniita babu. Akamwuliza Kalunde mbona hapiti ile njia.

"Ni miguu yake," nikasema.

Akamwangalia Kalunde tena, akamwuliza kama ni miguu.

"Na jua pia," nikasema.

Nadifa akanigeukia. "Mzee Nthiwa, hata simu yake ikilia ni wewe unapokea?"

Nikamwachia Kalunde ajibu. Lakini Kalunde aliangalia chini, anachora mchangani na kidole cha mguu. Nikajua kuna kitu. Miaka arobaini na moja ya ndoa, mtu anajua.

Intisar hakumsukuma. Alisema maneno ambayo nataka uandike kwa herufi kubwa kama unaweza. Alisema, "Susu, kuna kitu mtu hawezi kusema kwa mkutano. Hata hapa mbele ya mzee wake hawezi. Mimi nilikosea kuuliza watu wakiwa wamekaa. Hatutauliza tena. Tutatembea."

Akaeleza. Kwa siku tatu kila mtu wa mtaa apite ile njia saa yake mwenyewe, ile saa angependa kuitumia. Mtoto na saa yake, mama na saa yake, mzee na fimbo yake. Abebe vitambaa vya nyumbani, hata matambara. Akifika mahali anapenda, afunge kitambaa cheupe kwa kigingi. Akifika mahali angegeuka arudi, afunge chekundu, halafu azungukie mbali. Hakuna kuandika jina. Hakuna mtu ataulizwa kwa nini.

Mimi niliona ni mchezo wa watoto. Lakini nilipita na fimbo yangu, nikafunga vyeupe vingi, kwa sababu njia ni ya nani?

Siku ya nne tukatembea pamoja kusoma vile vitambaa. Tulikuwa watu kama arobaini. Mtu hahitaji kusoma kitabu kusoma kitambaa, hiyo niliipenda. Karibu na shule, vyeupe. Kwa kivuli cha ule mgunga mkubwa, vyeupe. Halafu tukafika kwa kinu, pale pa drafti yetu. Kigingi hakikuonekana. Kilikuwa chekundu mpaka juu. Tulihesabu kumi na vinne.

Wazee tukaangaliana. Nikauliza ni nini mbaya hapa, hapa tunacheza tu.

"Drafti mnacheza na mikono," Nadifa akasema. "Macho na midomo inacheza na sisi. Huyu amenenepa, huyu anaenda wapi na buibui, huyu bwana yake yuko?"

Watu wakacheka. Mimi nilicheka pia, lakini masikio yalikuwa moto. Ni kweli tulikuwa tunasema hivyo. Tulidhani ni salamu.

Tukaendelea. Tukafika kigingi cha nyuma ya karakana ya Musyimi. Hapo palikuwa na vyekundu viwili tu. Watu wengine walikuwa wanataka kupita, lakini mimi nilisimama. Kitambaa kimoja kilikuwa kipande cha leso. Hiyo leso naijua, niliinunua mwenyewe Mtito Andei. Kitambaa cha pili kilikuwa kitambara cha fundi, kina grisi, kinanuka mafuta.

Mke wangu alikuwa amegeuka hapo. Na mkwe wangu pia.

Nilikaa kwa jiwe. Intisar akauliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, nimeona. Nikamweleza, kwa sababu yeye si wa huku. Sisi Wakamba tuna kitu inaitwa nthoni. Mama na mume wa binti yake wanaheshimiana mpaka wanaogopana. Hawashikani mkono. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kando ampishe mwingine. Na mama hawezi kabisa kumkuta mkwe wake hajavaa vizuri. Afadhali akanyage moto. Sasa Musyimi anachomelea na jua hili, shati ametundika. Jioni anaoga pale nyuma, na bafu lenyewe ni mabati yanafika kifuani. Na mimi nimechukua kalamu nimepitisha bibi yangu hatua tano kutoka hapo.

Nilijua hayo yote. Si kwamba sikujua. Lakini hawa wawili wanaenda kanisa moja, wote wana simu, nilidhani hiyo mambo ya nthoni imeisha. Sikuuliza.

Musyimi alikuwa ametoka, amevaa shati mpaka kifungo cha juu, anaangalia chini. Kalunde naye alikuwa ameshajificha nyuma ya Nadifa. Nikamwuliza Musyimi mbona hakuniambia.

"Baba, ningesema vipi?" akasema. "Tangu vigingi viingie, mimi nafunga kazi saa kumi, ndio mama yetu, mwaitu, apite. Wateja wanakuja wanapata kufuli. Sasa nije kwako niseme nini, ati namkataza mwaitu njia?"

Umesikia hiyo? Yeye anafunga karakana ili Kalunde apite. Kalunde anazunguka tangi ili asimkute. Kila mmoja anampisha mwenzake, na njia imekaa hapo katikati haina mtu. Na mimi niko drafti, nasema bibi ni mvivu.

Intisar aliita mkutano mwingine. Safari hii aliuliza wamama siku gani. Wakasema Jumapili saa kumi, baada ya kanisa na kabla ya kupika. Uwanja wa shule ulijaa. Hakutandika ramani mezani. Alichora mtaa mzima chini na majivu, hapa reli, hapa mto, hapa kinu, kila mtu akasimama mahali nyumba yake iko.

Mtu akasema tujenge ukuta nyuma ya karakana, basi. Mimi niliona ni sawa. Lakini mama mmoja akasema ukuta na mto vikikutana ni mahali pa mtu kujificha, yeye jioni hatapita hapo. Wamama wote wakasema ndiyo. Intisar akasema ndivyo, njia ya miguu inataka macho ya watu, isiwe na kona mbaya. Akaonyesha ng'ambo ya mto. Mto ni mwembamba pale juu, mtu anaweza kupanga mawe makubwa ya kuvukia, na injinia wa ofisi aje aangalie kama mvua haitayabeba. Njia ipite ng'ambo, upana wake hatua tano, ivuke tena karibu na kliniki.

Watu wakafuata mstari wa majivu na macho. Halafu wakaniangalia mimi.

Kwa sababu ng'ambo ni shamba yangu. Si kubwa, ni kamba ya ardhi tu, imezungushiwa ua wa katani, na ndengu ilikuwa imeanza kutoa maua.

Kalekye, kwa karatasi mimi nilikuwa mkarimu sana. Nilipitisha njia kwa kila mtu. Ilipofika kwangu nilianza kuhesabu magunia ya ndengu.

Intisar hakunibembeleza. Akasema mbele ya wote kwamba hakuna mtu anaweza kunilazimisha, na nikikataa watatafuta mahali ingine. Akasema pia ardhi ni ya familia, kwa hivyo haitoshi mimi kusema ndiyo. Bibi akubali, iandikwe, ipimwe kabla jembe halijagusa.

Mimi nikafungua mdomo kujibu. Nilikuwa nimeshapanga maneno yangu. Halafu nikafunga. Nikageuka nyuma walipokaa wamama.

Nikasema, "Kalunde, wewe unasema nini?"

Vichwa vyote vikageuka kwake. Alisimama pole pole, akishika bega la Nadifa. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini ilifika.

"Hatua tatu, si tano," akasema. "Na mahali pa kukaa kila baada ya mwendo kidogo, kwa sababu miguu yangu haijui ikichoka. Na ndengu ivunwe kwanza."

Akakaa. Ndivyo ilivyoandikwa. Ukienda ofisini utaona, hatua tatu.

Tulivuna ndengu, halafu tukaita mwethya, kila nyumba ikatoa mtu wa kufanya kazi bila malipo. Ofisi ikaleta murramu na injinia. Sisi tukang'oa katani, tukapanga mawe ya kuvukia. Nadifa akadai taa mbili, moja kwa kila kivuko, na akazipata, kwa sababu aliandika barua tatu. Musyimi akatengeneza vyuma vya kusimamisha mwanzoni na mwishoni, mtu anapita, kiti cha magurudumu kinapita, pikipiki haipiti. Tulileta bodaboda wenyewe wajaribu. Sisi wazee tukahamisha benchi ya drafti upande wa pili wa kinu, tunaangalia ukuta. Mchezo umekuwa mzuri zaidi, huwezi kudanganya.

Sasa ni mwezi wa nane tangu njia ikamilike. Kalunde na Nadifa wanatembea kila siku saa kumi na moja jioni, wanaongea njia nzima, sijui wanaongea nini. Musyimi anafanya kazi mpaka jua lizame, ako ng'ambo yake. Mwezi uliopita muuguzi alipima sukari ikawa nane. Ile ganzi haijatoka, tusidanganyane, daktari alisema huenda isitoke. Lakini haijapanda tena, na nyayo hazina kidonda hata kimoja. Mimi ndiye huangalia jioni, na tochi.

Mvua ya Novemba ilibeba mawe mawili. Tuliyarudisha siku iliyofuata, na hakuna mtu alituita.

Kwa hivyo kwenu Mbumbuni, usianze na ramani. Uliza kwanza wamama wako huru siku gani. Halafu watembee. Na wakitembea, wewe uliye na sauti kubwa, nyamaza kidogo.

Angalia pale kwa kivuko. Yule wa leso ya kijani ndiye yeye, na Nadifa nyuma, bado anaongea. Kasiva, hao wamefika, pakua. Kuna muthokoi na nyama, na Nadifa amepika wali wake. Musyimi ameshasikia viatu, ona, amechukua sahani yake ameenda upande ule wa nyumba na mwenzako yule wa kofia. Waache, huko nako kuna kivuli.

Umechelewa, Kalunde. Wageni walikuwa wanataka kukuona. Kaa, vua viatu, nione nyayo... Sawa, baadaye.

Mnasikia anauliza nini? Anauliza kama yule wa upande ule amewekewa nyama ya kutosha. Amewekewa, Kalunde, Kasiva amemwekea. Sasa kaeni. Nadifa, sogea, Kalekye akae. Kila mtu amepata mahali? Basi tuombe tule.